Elwak, Mji Usiokosa Kazi

Lori lililotoka Elwak hulitambui kwa namba zake, unalitambua kwa rangi. Bodi, ngazi, hata kope za turnboi aliyejikunja juu ya turubai, vyote vimepakwa vumbi jeupe lisilofanana na udongo mwekundu wa njia ya Wajir. Ni vumbi la jasi. Mzigo huo unashuka kwenda viwanda vya saruji vya Athi River, nje kidogo ya Nairobi. Lile lori linalopishana nalo likipanda limebeba unga, sukari, mchele, mabati, soda na, chini kabisa, mifuko ya saruji.

Nilianza kuyaangalia malori hayo pale Tarbaj, basi letu liliposimama kungoja askari wa kutusindikiza, na sikuacha kuyaangalia hadi nilipoondoka. Ilikuwa mwishoni mwa Februari 2025. Mvua za deyr, zile za Oktoba hadi Desemba, zilikuwa zimedondoka kidogo zikakoma, na jilaali, kiangazi kirefu kinachotangulia mvua za gu, kilikuwa kimekausha kila kilichojaribu kuota. Ramadhani ilikuwa imebisha hodi. Ndani ya basi mazungumzo yote yalikuwa ya bei ya sukari na tende.

Kilichonitoa nyumbani ni tarakimu. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya wa mwaka 2015/16 ulikuta kwamba katika kila wakazi 100 wa Kaunti ya Mandera, karibu 78 waliishi chini ya mstari wa umaskini. Kwa nchi nzima walikuwa 36. Turkana peke yake ndiyo iliyoipita Mandera. Mstari wenyewe, kwa mtu wa mashambani, uliwekwa kwenye shilingi 3,252 kwa mwezi. Tarakimu kama hizi zina picha yake tayari vichwani mwetu sisi wa kutoka kusini mwa nchi: watu wamekaa kivulini mwa mgunga, mikono magotini, wakiitazama barabara hadi lori la msaada litokee. Nilitaka kujua hao 78 huamka saa ngapi na hushika nini mkononi.

Kutoka Wajir hadi Elwak ni kilometa zisizofika 200, lakini hakuna anayezitaja kwa kilometa. Watu huulizana kama gari limepita Kutulo, kama askari wamefika, kama mtambo umefungua njia. Hii ni sehemu ya barabara ya Isiolo hadi Mandera, yenye urefu wa takriban kilometa 740, ambayo Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 750 kwa ajili ya mradi wake mwaka 2020. Ukiwa ndani ya basi huuoni mradi, unaona vipande: tuta jipya la udongo, kalavati lisilo na barabara juu yake, kijana mwenye bendera nyekundu anayesimamisha magari kwa mamlaka ya jenerali. Abiria mmoja wa umri wa makamo alinionyesha kijana wa bendera kwa kidole. "Huyo ana shahada," akasema. "Ualimu. Bendera inalipa kila wiki."

Kwamba lami ilichelewa miaka zaidi ya 60 si ajali ya jiografia. Mwaka 1965 serikali changa ya Kenya iliandika, katika Waraka wa Bunge Namba 10, kwamba fedha za maendeleo zielekezwe penye ardhi nzuri na mvua, penye usafiri na umeme, na penye watu walio tayari kwa maendeleo. Mandera haikuwa na kimojawapo katika hivyo vya kwanza, na ilikuwa imo vitani: vita vya Shifta vilikuwa vimeanza 1963, vikaendelea hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilizowekwa kwa ajili yake zikadumu kaskazini mashariki hadi 1991. Kwa hiyo kizazi kizima kilikua pale ambapo askari alifika kabla ya mwalimu, na kizuizi kikajengwa kabla ya soko. Ajabu ni kwamba Elwak ilikuwa imeshajulikana mbali. Tarehe 16 Desemba 1940 majeshi ya Afrika Kusini na ya Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, yaliwapiga Waitaliano hapa mpakani, na hadi sasa Accra ina uwanja wa michezo unaoitwa El Wak. Huenda Waghana wanaolitamka jina la mji huu kila wiki ya mpira ni wengi kuliko Wakenya wa Nairobi wanaoweza kuuonyesha kwenye ramani.

Tuliingia alasiri. Elwak ni mji mrefu uliojipanga kandokando ya njia kuu: maduka ya jumla yenye milango ya bati ya kijani na buluu, misikiti, stoo za nafaka, vibanda vya miraa iliyoletwa kutoka Meru, mafundi wa pikipiki, na mikokoteni ya punda inayopita katikati ya vyote bila kumwomba mtu njia. Upande wa pili wa mpaka kuna mji mwingine wenye jina hilohilo, ulio Somalia, mkoa wa Gedo. Mpaka ulikuwa umefungwa rasmi tangu 2011. Mwezi Mei 2023 serikali ilitangaza kwamba utafunguliwa kwa awamu, na Julai, baada ya mashambulizi, ikatangaza kwamba mpango umeahirishwa. Maziwa ya unga na pasta nilizoziona dukani hazikuonekana kuwa zilisubiri tangazo lolote.

Asubuhi niliamshwa na sauti ya chuma ikigonga chuma. Ilikuwa bado saa kumi na moja. Vijana walikuwa wakipandisha sururu, mitaimbo na mabeleshi nyuma ya kanta. Nikaomba kwenda nao.

Jasi ya Elwak haiko mbali chini ya ardhi. Unaondoa udongo wa juu na mawe, unafika kwenye tabaka jeupe linalometameta jua likilipiga, na kuanzia hapo ni mkono wako na mtaimbo wako. Mashimo yametapakaa, mengine yanamfika mtu kiunoni, mengine kichwani. Wawili wanavunja, mmoja anachagua na kutupa yenye udongo, wengine wanarundika. Lori likija, kundi zima linageuka kuwa wapakiaji. Malipo ni kwa lori, si kwa siku. Likijaa, kiongozi wa kundi anapokea, anatoa deni la maji na chakula, kisha kinachobaki kinagawanywa. Siku isiyokuja lori ni siku ya kuchimba bila malipo, na rundo linabaki likingoja, kila rundo likiwa na mwenyewe anayejulikana.

Kijana aliyekuwa akinielezea haya alimaliza kidato cha nne. Alikuwa amejifunga shuka la zamani usoni kuzuia vumbi, na alisema nami bila kuacha kutupa vibonge. Nilimuuliza jasi hiyo inaenda kufanya nini. "Simiti," akajibu, na hapo alikuwa sahihi kabisa. Katika mfuko wa saruji jasi ni kidogo, asilimia tatu hadi tano hivi, lakini bila hiyo saruji ingeganda kabla fundi hajageuza mwiko. Majumba ya Kilimani na Eastleigh, madaraja ya reli mpya, zege la vyoo vya shule za kaunti kumi, yote huhitaji jasi ya mahali fulani, na sehemu yake imepita mikononi mwa vijana kama huyu. Nikamuuliza inauzwa bei gani ikifika Athi River. Hakujua. Dereva aliyekuwa akinywa chai kivulini mwa lori lake alijua. Alicheka, akamwaga masalio ya chai, asiseme kitu.

Ndipo nilipoanza kuielewa ile tarakimu. Nilikuja kutafuta ukosefu wa kazi, nikakuta kazi nyingi hadi inachosha kuitazama. Kilichokosekana kilikuwa kwingine, mahali bei inapopangwa, na mahali hapo hapakuwa shimoni.

Kijana wangu alikuwa na tatizo jingine, na hili halikuwa lake peke yake. Hakuwa na kitambulisho. Kwa hiyo hakuwa na laini ya simu kwa jina lake, wala M-Pesa, wala akaunti, na hakuweza kujiandikisha katika usajili wa polisi au jeshi, kazi ambayo vijana wa hapa huitamani kwa sababu ina mshahara unaojulikana tarehe yake. Pesa yake hupokelewa kwa simu ya binamu. Kwa miaka mingi vijana wa kaunti za mpakani walipitishwa kwenye kamati za kuwapekua kabla ya kupewa kitambulisho, wakitakiwa kuleta karatasi za wazazi na babu ambazo mfugaji hakuwahi kuwa nazo. Katika Garissa na kwingineko maelfu waligundua kwamba alama za vidole vyao zimo katika daftari la wakimbizi: wakati wa ukame familia zao ziliingia kambi za Dadaab kupata mgao wa chakula, wakasajiliwa, na mgao huo ukawagharimu uraia. Tarehe 5 Februari 2025, akiwa Wajir, Rais Ruto alitangaza kwamba upekuzi huo umekwisha. Kijana alikuwa ameisikia habari hiyo redioni. "Nimepeleka fomu," akasema. "Sasa nangoja nione kama imekwisha Wajir au imekwisha hapa."

Jua lilipopanda nikaenda visimani. Elwak ilikuwapo kwa sababu ya visima kabla haijawa na duka hata moja. Ni mashimo yaliyochongwa katika mwamba huohuo mweupe wa chokaa na jasi, na maji yake ni mazito, yenye ladha ya chumvi, lakini ngamia hawayakatai. Pembeni kuna hori za udongo na saruji. Wachotaji wanapeana ndoo kutoka mkono hadi mkono wakiimba kwa kupokezana, na makundi ya mifugo yanangoja zamu yakiwa yametenganishwa kwa mbali ili yasichanganyike. Kila kisima kina wenyewe, kila zamu ina mpangilio wake, na mgeni anayefika na ngamia wenye kiu hupewa nafasi baada ya maneno marefu ya salamu na nasaba.

Mama mmoja alikuwa akijaza mapipa mawili ya mkokoteni wake wa punda. Maji hayo huyauza mjini, mtungi kwa mtungi, nyumba kwa nyumba. Mbali na hayo ana mbuzi kadhaa, anauza maziwa yakipatikana, anashona mikeka ya nyumba za kuhamahama, na analea wajukuu ambao mama yao yuko Nairobi. Mwanamke mwenzake aliyekuwa akitutafsiria aliponiulizia anafanya kazi gani, mama akatikisa kichwa. Hana kazi, akasema. Kazi ni ya watu wa ofisi.

Nilimfikiria karani wa sensa akifika kwake na dodoso linalouliza alikuwa akifanya shughuli gani kwa siku saba zilizopita. Mama angejibu vilevile, na karani, akiwa na nyumba nyingine za kufikia kabla ya giza, angeandika alichoambiwa. Siyo kwamba wataalamu wa takwimu ni wajinga. Wanajua tatizo hili na wameliandikia vitabu. Lakini kinachofika kwenye meza ya bajeti ni mstari mmoja, na mstari huo unasema kwamba mwanamke huyu hana kazi. Mtu asiye na kazi hutafutiwa kazi, ama hupewa chakula. Mtu aliye na kazi nne zisizolipa anahitaji kitu tofauti kabisa.

Sokoni kwa mifugo nilimpata mzee dalali, ndevu zimepakwa hina, bakora chini ya kwapa. Alikuwa na muda, kwa maana biashara ilikuwa mbovu. Madalali wa mifugo hushikana mikono chini ya kitambaa na kupatana bei kwa vidole, na huyu alikuwa na vidole vilivyozoea kubonyezwa. Alinieleza uchumi wa Elwak kwa kipimo kimoja: mbuzi mmoja hununua mahindi kiasi gani. Wakati wa neema mbuzi mnene anauzwa vizuri na mahindi ni rahisi, hivyo familia huuza mbuzi mmoja ikala kwa majuma. Wakati wa jilaali mbaya mbuzi amekonda, kila mtu anauza, bei inaanguka. Wakati huohuo mahindi, yanayotoka mbali, yanapanda. Mbuzi yuleyule, mahindi nusu. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame huchapisha kipimo hicho kila mwezi kwa kila kaunti kame, na nadhani kinamweleza mkazi wa Elwak kuliko mstari wowote wa umaskini, kwa sababu kinaonyesha jinsi mtu anavyofukarika bila kupoteza chochote isipokuwa bei.

Kisha kuna miaka ya kupoteza kila kitu. Kati ya 2020 na mwanzo wa 2023 misimu mitano ya mvua ilifuatana ikiwa mibovu, na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa katika kaunti kame za Kenya. Ngamia mmoja mzima ni makumi ya maelfu ya shilingi. Mfugaji aliyelala na kumi alikuwa na mali kuliko karani wa benki, na akaamka akiwa mtu wa kuorodheshwa kwa msaada. Serikali ilikuwa imeanza bima ya mifugo mwaka 2015, kwa kuanzia na Turkana na Wajir: setilaiti hupima ukijani wa malisho, na ukishuka kupita kiwango, mfugaji hulipwa ili anunue chakula cha mifugo kabla haijafa. Mzee aliisifu akili ya mpango huo. Alichouliza ni kwa nini setilaiti inaona majani yake lakini haioni bei ya Kiamaiko, lile soko la mbuzi la Nairobi. Kwa sababu huko ndiko mbuzi wa Elwak wanakokwenda, wakipandishwa kwenye malori yanayorudi, na kila kizuizi njiani kina mkono wake.

Jioni niliketi kwenye duka la jumla karibu na stendi. Nilipewa kiti cha plastiki na chai ya maziwa ya ngamia iliyonukia moshi wa mbao walizofukizia kibuyu. Mwenye duka alikuwa na madaftari mawili. La kwanza lilikuwa la mauzo, jembamba. La pili lilikuwa la madeni, nene, jalada limefungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Wiki ile kila aliyeingia alitaka kuandikwa humo: sukari, unga wa ngano wa sambusa, tende, mafuta. Ramadhani haingoji mshahara.

Niliuliza deni hulipwa na nini. Akanihesabia mikondo ya pesa inayoingia mjini, na nikaona kwamba inahesabika kweli. Mishahara ya kaunti na ya serikali kuu. Malori ya jasi. Mifugo, msimu ukiwa mzuri. Ndugu walio Eastleigh, Uarabuni, Uingereza na Minnesota, wanaotuma kwa hawala. Na pesa za mpango wa kukinga njaa, ule ulioanzishwa mwishoni mwa muongo wa 2000 katika Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, ambao kwa miaka mingi umezilipa familia zipatazo 100,000 shilingi 5,400 kila miezi miwili. Ukigawanya ni 2,700 kwa mwezi kwa nyumba nzima, na mstari wa umaskini wa ule utafiti wa 2015/16 ulikuwa 3,252 kwa mtu mmoja. Hata hivyo nimewasikia watu hapa wakiuombea dua mpango huo. Sababu aliieleza mwenye duka. Kadi ya mpango ndiyo rehani pekee waliyo nayo wengine. "Nikijua mama anapokea," akasema, "namwandika. Pesa ikichelewa nangoja, kwa maana najua iko." Thamani ya shilingi 5,400 ni kwamba inajulikana. Ikichelewa miezi, daftari linanenepa, na mwenye duka naye anaandikwa kwenye daftari la tajiri wake wa Garissa.

Mkondo wa hawala nao unakatika kwa kalamu. Mwezi Aprili 2015, siku chache baada ya magaidi kuwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ilisimamisha leseni za kampuni 13 za kutuma pesa, na zikabaki zimefungwa hadi Juni. Lengo lilikuwa kuwabana magaidi. Mwenye duka analikumbuka kwa namna nyingine: zile zilikuwa wiki ambazo hakuna aliyelipa.

Ugaidi umefanya hesabu nyingine ambayo haimo katika tarakimu za mapato. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi walitenganishwa na wenzao wakauawa, wakiwamo walimu waliokuwa wakienda likizo. Siku kumi baadaye, Koromey, karibu na mji wa Mandera, wachimba mawe 36 waliuawa machimboni. Tarehe 21 Desemba 2015, karibu na hapa Elwak, washambuliaji walisimamisha basi jingine wakawaamuru Waislamu wajitenge. Abiria Waislamu walikataa. Waliwavisha Wakristo hijabu, wakawaambia washambuliaji wawaue wote au wawaache wote. Salah Farah, mwalimu na naibu mkuu wa shule, alipigwa risasi katika kisa hicho akafariki Januari 2016. Filamu fupi iliyotokana nacho, *Watu Wote*, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Baada ya mashambulizi hayo walimu wengi kutoka bara hawakurudi. Mwalimu mmoja mwenyeji aliniambia kuna miaka alifundisha madarasa mawili kwa wakati mmoja, mlango kwa mlango, akiandika zoezi huku na kukimbia kusahihisha kule. Chaki yake ilitoka Nairobi. Chaki nyingi hutengenezwa kwa jasi.

Hapo ndipo mtu anapopaswa kusimama na kuipanga hesabu. Jasi inaondoka ikiwa bonge, inarudi ikiwa saruji na chaki. Mbuzi anaondoka akiwa hai, na ngozi na nyama na faida ya kuchinja hubaki Kiamaiko. Maziwa ya ngamia wa Isiolo hufika Eastleigh kila siku kwa sababu Isiolo ina lami na iko karibu. Ya Elwak hayawezi, hivyo mji wenye ngamia hununua maziwa ya unga. Kijana anaondoka na cheti, anarudi akiwa ujumbe wa simu wa shilingi elfu mbili. Kila kitu cha thamani hutoka kikiwa kibichi, na kila kitu kilichopikwa huingia kwa bei iliyobebeshwa mafuta ya lori, vizuizi, na hofu ya dereva. Katikati ya safari hizo mbili ndimo zilimopotelea zile shilingi zinazowatenganisha hao 78 na mstari wao.

Serikali ya kaunti, iliyozaliwa 2013 kutokana na Katiba ya 2010, imebadilisha mengi, na ni uongo kusema vinginevyo. Mandera hupokea zaidi ya shilingi bilioni 11 kwa mwaka kutoka hazina ya taifa, na pesa hizo ndizo zilizoleta ambulensi, madaktari na ajira zenye hati za malipo. Lakini mgawo hutegemea idadi ya watu, na hata kuwahesabu watu hapa ni ugomvi. Matokeo ya sensa ya 2009 yalifutwa katika wilaya kadhaa za kaskazini, zikiwamo za Mandera, kwa madai kwamba yamevimba. Yale ya 2019 yaliiweka kaunti kwenye watu 867,457, nayo yakapelekwa mahakamani, na Januari 2025 Mahakama Kuu ya Garissa ikayabatilisha kwa Mandera, Wajir na Garissa. Kwa hiyo hatubishani tu kuhusu wangapi ni maskini, tunabishana pia wangapi wapo.

Kabla ya kuondoka nilirudi kwa mzee dalali kumuaga. Alikuwa ameuza mbuzi wawili na alikuwa mchangamfu. Akaniuliza, kwa nilivyoiona barabara, kama ile lami itafika kweli. Nikamwambia nimeona matingatinga. "Hiyo lami," akasema, "itashusha bei ya sukari au itapandisha bei ya mbuzi?" Nikasema inaweza kufanya yote mawili. Akatikisa bakora. Lori, alisema, likipita kwa urahisi litakuja na bidhaa nyingi zaidi na wanunuzi walewale wachache. Sukari itashuka kidogo, lakini mbuzi ataendelea kupangiwa bei na mtu mwenye simu aliyekaa Nairobi. Anachokitaka yeye ni kujua bei ya Kiamaiko asubuhi ileile inapopangwa, na pahali pa kuchinjia karibu na hapa.

Sina la kuongeza kwenye uchumi wa mzee huyo isipokuwa kuupeleka hadi machimboni. Mizani moja ya kupimia malori pale shimoni, na bei ya tani ya jasi itangazwe redioni kwa Kisomali na Kiswahili kila wiki. Mtambo mdogo wa kusaga na kuunguza jasi, wa kutoa chaki na plasta, kwa maana soko la kwanza liko shule za kaunti hii na nyumba zake. Kitambulisho mkononi mwa kijana, ili malipo yaingie kwa jina lake na apate kukopa kwa jina hilohilo. Hakuna hata kimoja katika hivi kinachohitaji mtu wa Elwak afanye kazi zaidi ya anayofanya sasa. Wakati wa kushuka kwenda Wajir nilikaa dirishani nikayatazama malori yakipanda na mifuko ya saruji. Lami ikikamilika yatapita kwa mwendo wa kasi. Nitaamini kwamba barabara imewafaa wenyeji siku bei ya jasi pale shimoni itakapopanda kuliko nauli ilivyoshuka, na hilo halihitaji dodoso la miaka kumi. Litaandikwa katika madaftari mawili ya yule mwenye duka, lile la madeni likipungua na lile la mauzo likinenepa.